Hii Printa Inaongea Lugha Gani?

Hapa Molo, kuprinti ukurasa mmoja wa nyeusi na nyeupe ni shilingi kumi. Wa rangi unaanzia ishirini, halafu bei inapanda kulingana na vile picha inakula wino. Serikali ilihamia mtandaoni ikaacha karatasi pale pale. Ukiomba cheti cha tabia njema kupitia eCitizen, bado utaprinti fomu uende nayo ukachukuliwe alama za vidole. Barua ya mtoto ya kujiunga na shule inafika kwa simu, lakini getini wanataka nakala. Mtoto wa CBC anakumbuka saa mbili usiku kwamba kesho anatakiwa na picha za wanyama wa porini. Watu wa chama wanataka katiba yao nakala kumi na tano, zibanwe vizuri. Ndiyo maana saiba hazijafa hata baada ya kila mtu kununua simu. Na ndani ya saiba, mashine inayolisha nyumba si kompyuta. Ni printa.

Mimi naandika kwa kulipwa: makala za tovuti za watu, maelezo ya kampuni, hotuba za harusi, chochote kinacholeta chapaa. Chuo niliacha nikiwa mwaka wa pili, karo iliposhinda nyumbani, nikarudi huku kwa viazi na ukungu. Meza yangu iko ndani ya saiba ya rafiki ya mama yangu, ambaye namwita Anti kama wanavyomwita vijana wengi wa mtaa. Hatudaiani kodi. Yeye ananipa stima, intaneti na kona iliyo mbali na mlango, maana baridi ya Molo haina utani. Mimi natunza mashine zake tano. Kwa hivyo sizungumzi hapa kama mtaalamu wa kompyuta. Nazungumza kama mtu ambaye meza yake inategemea ile printa.

Mambo yalianza na kalenda. Tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft ilimaliza huduma yake ya kawaida kwa Windows 10. Kompyuta hazikuzimika siku hiyo. Ziliendelea kuwaka kama jana, ila viraka vya usalama, vile vinavyoziba matundu ambayo wezi wa mtandaoni hupitia, ndivyo vilivyokoma. Kuhamia Windows 11 kunataka kompyuta yenye kifaa cha usalama kinachoitwa TPM 2.0 na prosesa ya miaka ya karibuni. Mashine za Anti ni zile zinazoitwa ex-UK, zilizostaafu ofisini huko Uingereza zikaja kuanza maisha ya pili kwetu. Hazina sifa hizo. Na za kununua mpya tano, pesa haikuwepo.

"Fundi wa pale juu anasema kwa mia tano ananiwekea ingine," Anti aliniambia.

"Hiyo ni ya wizi, Anti."

"Kwani hii tuliyo nayo ni ya nini?"

Hapo nilicheka, naye akacheka. Lakini jambo lenyewe halikuwa la kucheka. Kwenye hizo kompyuta tano watu wa Molo wanaandika nywila zao za KRA, za eCitizen, za benki. Mzee anakuja na karatasi iliyokunjwa mara nne, ndani yake kuna nambari ya kitambulisho na nywila, na anakukabidhi yote kwa imani. Flashi za wateja zinaingia na kutoka siku nzima, na Anti ameshaona flashi ikigeuza mafaili yote ya mtu kuwa njia za mkato zisizofunguka. Mfumo usiopata viraka, uliofunguliwa kwa programu ya wizi ambayo hakuna ajuaye nani aliiandika, ni kama kuweka imani ya mzee huyo kwa sanduku lisilo na kifuniko.

Nikamwambia tujaribu Linux, mfumo endeshi ninaotumia kwa laptopu yangu ya kumbukumbu ndogo. Msimbo wake uko wazi. Yeyote anaweza kuusoma, kuubadilisha na kuugawa bila kulipa wala kuomba ruhusa. Uzuri mwingine ni kwamba unaweza kuuwasha kutoka kwa flashi bila kugusa kilichomo ndani ya kompyuta. Jumapili moja, saiba ikiwa imefungwa, nilizijaribu zote tano hivyo. Wi-Fi ikashika. LibreOffice ikafungua barua za Anti. eCitizen ikafunguka. Kisha nikachomeka printa.

Kompyuta iliiona, ikaitaja hata jina. Nikatuma ukurasa wa majaribio. Skrini ikasema kazi imekamilika. Printa ikakaa kimya, taa ya kijani ikiwaka, kama mtu aliyekusikia vizuri na ameamua kutojibu.

Kampuni iliyoitengeneza sitaitaja. Kwenye tovuti yake kulikuwa na draiva ya Linux ya miaka mingi iliyopita, iliyoandikwa kwa kompyuta za biti 32. Ilikataa kusakinishwa. Nikapata nyingine, iliyoandikwa na watu wa kujitolea. Hiyo ikatoa ukurasa wa kwanza safi kabisa, halafu wa pili ukakwama hadi nizime printa na kuiwasha tena. Ukurasa mmoja, zima, washa. Kwa mtu kama mimi anayeprinti mkataba mmoja kwa mwezi, hiyo inatosha. Kwa saiba yenye foleni ya wazazi, hapana.

Kinachoshangaza ni kwamba vuguvugu zima la programu huria lina deni kwa printa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, maabara ya akili mnemba ya MIT, Marekani, ilikuwa na printa ya leza iliyotoka Xerox. Ilikuwa na kasi, lakini karatasi zilikwama, na watu walikuwa wakituma kazi kutoka mbali wasijue kwamba mashine imesimama. Mfanyakazi mmoja wa maabara, Richard Stallman, alikuwa na dawa. Kwenye printa iliyotangulia alikuwa amebadilisha programu ili karatasi ikikwama, kila mwenye kazi kwenye foleni apate ujumbe. Sasa alitaka kufanya vilevile kwa hii mpya. Hakuweza, kwa sababu msimbo chanzo wa programu yake haukutolewa. Alipokwenda kumwomba mtafiti aliyekuwa nao katika chuo cha Carnegie Mellon, alikataliwa: mtafiti yule alikuwa ameahidi kutompa mtu.

Mnamo Septemba 1983 Stallman alitangaza mradi wa GNU, wa kuandika mfumo endeshi mzima ambao hakuna mtu atakayekatazwa kuusoma na kuurekebisha. Mwaka 1991 mwanafunzi mmoja wa Helsinki, Linus Torvalds, akatoa kiini cha Linux, na vipande hivyo viwili vikaungana. Mfumo huo leo unaendesha seva za dunia, na kiini chake kimo ndani ya kila simu ya Android iliyo mfukoni mwa mtu wa boda. Na bado, zaidi ya miaka 40 baadaye, mahali unapoweza kukwama ni pale pale ulipoanzia, mbele ya printa.

Watu wengi husikia hivyo wakasema basi Linux haijui kuprinti. Si kweli, na ni vizuri kuelewa kwa nini.

Ukibonyeza printi, kompyuta haitumi barua yako ilivyo. Inaitafsiri kwa lugha ambayo printa inaelewa. Kuna lugha zinazojulikana na wote. Adobe ilitoa PostScript mwaka 1984, na HP ina yake inayoitwa PCL. Mashine kubwa za ofisini huongea moja au zote mbili. Kwenye Linux, mkalimani wa kazi hiyo ni programu inayoitwa CUPS. Michael Sweet alianza kuiandika mwaka 1997, na Apple iliipenda ikaiweka kwenye Mac, kisha mwaka 2007 ikanunua msimbo wake. Kwa hivyo kompyuta ya Mac ya bei ghali na ile ex-UK ya Anti yenye Linux zinatumia ukoo mmoja wa mkalimani. Ukiwa na Linux, fungua kivinjari uandike localhost:631, utamkuta ameketi hapo.

Shida iko kwa printa za bei nafuu, zile ambazo watu wa hali yetu ndio tunazinunua. Ili bei ishuke, kampuni hupunguza ubongo wa mashine. Huondoa uwezo wa kuelewa PostScript, na kazi yote ya kupanga nukta za wino kwenye ukurasa huachiwa kompyuta. Draiva ndiyo inafanya kazi hiyo, kisha inaongea na printa kwa lugha ya kampuni peke yake. Lugha hiyo haikuandikwa mahali popote pa kusomwa na wengine. Kampuni ikiandika draiva ya Windows tu, printa inakuwa ya Windows tu, hata kama risiti ina jina lako. Wengine hufungua mlango nusu. HP ina programu huria nzuri ya Linux inayoitwa HPLIP, lakini baadhi ya LaserJet ndogo hudai kipande kingine kilichofungwa kabla ya kutoa ukurasa.

Kwa hivyo kuna jambo linalochekesha wanunuzi wakilielewa: mashine kuukuu ya ofisini, kubwa kama meza, mara nyingi inaelewana na Linux kuliko printa ndogo mpya iliyo ndani ya boksi.

Wale wanaojitolea kuandika draiva za printa hizi za siri hufanya kazi ambayo mtu wa Molo anaweza kuielewa upesi. Ni kama kujifunza Kikalenjin kwa kukaa kwenye matatu ukisikiliza abiria, bila kamusi, bila mwalimu, na bila ruhusa ya kuuliza swali. Wanachomeka printa kwenye Windows, wananasa kila kinachopita kwenye kebo ya USB, wanalinganisha na kilichotoka kwenye karatasi, na kidogo kidogo wanaanza kuelewa. Rick Richardson aliandika foo2zjs, draiva iliyofufua printa nyingi ndogo za leza. Ile draiva iliyonitolea ukurasa mmoja ilitoka kwa watu wa aina hiyo. Sikuwalaumu kwa ukurasa wa pili. Walikuwa wamefika neno la kwanza bila msaada wa mtu.

Linganisha na hili. Mwaka 2004, watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Uswidi, katika mradi uliojulikana kama Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice: programu ya kuandikia barua na kupiga hesabu yenye menyu za Kiswahili. Hawakungoja kampuni iamue kama Waswahili ni soko la kutosha. Msimbo ulikuwa wazi, wakaketi wakaandika maneno yao. Kule MIT, chuo chenye kila kitu, mtu mwenye uwezo wa kurekebisha printa alishindwa kwa sababu msimbo ulifungwa. Hapa Dar, watu wasio na mali ya MIT walifaulu kwa sababu ulikuwa wazi. Nikisikia mtu akisema mambo ya programu huria ni starehe ya Wazungu wenye muda, nakumbuka hizo pande mbili.

Lakini Anti hangeweza kuweka historia kwenye trei ya karatasi. Tulikuwa na Novemba na Desemba, kisha Januari, mwezi wa barua za shule, ambao unabeba biashara ya miezi mingine. Nikampa njia ya katikati. Kompyuta nne zikahamia Linux. Ya tano ikabaki na Windows ile ile, nikaitoa kwenye intaneti kabisa, kazi yake ikiwa moja: kupokea mafaili kutoka kwa wenzake kupitia waya wa ndani na kuyapa printa. Mzee wa KRA akawa anaandika nywila yake kwenye Linux. Karatasi ikawa inatokea kwa Windows iliyofungiwa nyumba.

Ilifanya kazi. Ilikuwa pia kama ofisi ambayo kila barua lazima ipitie kwa karani mmoja aliyechoka. Karani akiganda, foleni nzima inasimama. Stima ikipotea dakika moja, na Molo mvua ikianza inapotea, unangoja aamke pole pole huku mama amebeba mtoto mgongoni anakuangalia. Siku moja ya Januari tulirudisha pesa kwa wateja ambao matatu ilikuwa inawaacha. Jioni hiyo Anti alipiga hesabu kwenye kijitabu chake, akafunga, akasema, "Mwanangu, hii printa inauzwa. Nitafutie itakayoelewana na hao wengine."

Kilichotuokoa hakikutoka kwa watu wa Linux, na hapo pia kuna funzo. Mwaka 2010 Apple ilitoa AirPrint ili mtu aprinti moja kwa moja kutoka kwa iPhone. Simu haina nafasi ya kuwekewa draiva ya kila printa duniani. Ikabidi printa ndizo zijifunze lugha moja ya pamoja, iliyojengwa juu ya itifaki ya wazi inayoitwa IPP. Mwaka 2013, Canon, HP, Samsung na Xerox waliunda muungano wa Mopria ili simu za Android nazo ziprinti kwa urahisi. CUPS yenyewe huongea IPP tangu zamani; hata ile 631 ni nambari ya mlango wa IPP. Kwa hivyo kampuni zilipofungua mlango ili wenye simu wapite, Linux ilikuwa imesimama pale nje siku zote, ikapita nao bila kelele. Saiba yetu haina iPhone hata moja, lakini imefaidi.

Hata Microsoft imeelekea huko. Mwaka 2023 ilitangaza kwamba itaacha taratibu kusambaza draiva za kampuni za printa kupitia Windows Update, na itategemea zaidi IPP. Maana yake ni kwamba printa ya lugha ya siri haina maisha marefu hata kwa mwenye Windows halali. Siku kampuni ikichoka kuandika draiva, chuma kitakuwa kizima, tona itakuwa imejaa, na ukurasa hautatoka. Sisi wa Linux tumekuwa tu wa kwanza kupigwa na baridi hiyo.

Nilimpa Anti swali moja la kwenda nalo dukani, kwa sababu hangekumbuka IPP wala PostScript, na hakuna haja akumbuke. Tulienda Nakuru pamoja. Muuzaji alitutolea printa nzuri, akaipangusa vumbi, akasema ni orijino na inafanya na Windows zote.

"Hiyo sijauliza, mtoto wangu," Anti alimwambia. "Hii inaongea na simu bila kuwekewa kitu?"

Kijana alisita. Akaleta ingine, ya wino wa chupa, yenye Wi-Fi. Anti akatoa simu yake ya Android, akafungua picha ya mjukuu, akaprinti pale pale kaunta. Ikatoka. Mimi nikafungua laptopu yangu, nikaunganisha kwa Wi-Fi hiyo hiyo, na jina la printa likajitokeza kabla sijatafuta. Ukurasa wa pili ukatoka. Nikatuma wa tatu, wa nne, wa tano, bila kuzima na kuwasha. Kijana akauliza, "Hiyo ni Windows gani?" Anti akamwambia si Windows, ni ya bure, kwa sauti ya mtu aliyeipika mwenyewe.

Ukitaka kununua, nenda na swali hilo. Printa ikiongea na simu yako bila kuwekewa programu ya kampuni, kuna uwezekano mkubwa sana itaelewana na Linux. Ikiwa ni mashine kuukuu ya ofisi, uliza kama inajua PostScript au PCL. Na kama duka linakubali, beba Linux kwa flashi ujaribu kabla ya kulipa. Muuzaji atakuona msumbufu. Mwache akuone.

Hakuna ajabu iliyotokea baada ya hapo. Printa mpya ni ya polepole kuliko ile ya leza, na baridi ikizidi asubuhi, karatasi za Molo hushika unyevu zikajikunja. Ile ya zamani ilienda kwa mtu mwenye Windows, tukamweleza wazi ni kwa nini tunaiuza, naye akaichukua hivyo hivyo. Kompyuta ya tano ikahamia Linux wiki hiyo hiyo.

Pesa za printa Anti alikopa chamani, elfu ishirini na sita. Kwa shilingi kumi kumi, hizo ni kurasa 2,600 kabla hujahesabu karatasi, wino na stima. Printa yenyewe huweka hesabu ya kila ukurasa uliotoka, na Ijumaa jioni Anti huniomba nimsomee. Ijumaa iliyopita ilikuwa 1,914. Aliandika kwenye kijitabu, akakata mstari chini yake kwa rula, akaniambia nifunge dirisha kabla ukungu haujaingia kwa karatasi.